Shukrani ni Deni la Nani?

Soma kwa ajili ya mjadala wa juma hili: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9, 2 Samweli 16:1–4, 2 Samweli 17:27–29, 2 Samweli 19:24–30, Luka 17:11–19, Wafilipi 4:10–19.

Katika makanisa mengi hufika Sabato ambayo watoto huitwa mbele. Wageni wamekuja na magunia ya mchele, madaftari, sabuni na sare za shule. Watoto hupangwa kwa urefu, mdogo kuliko wote hupewa kipaza sauti, naye kwa sauti isiyosikika vizuri husema maneno aliyofundishwa juzi: asanteni wafadhili wetu, Mungu awabariki. Kanisa huitika Amina. Picha hupigwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, na mchele huo utaliwa kwa furaha. Hata hivyo mwanafunzi wa Biblia anapaswa kuuliza swali ambalo siku hiyo halipati nafasi katika ratiba. Shukrani ile ni deni la nani? Je, ni la yule mtoto?

Swali hili lina uzito wa pekee Tunduma. Mji huu umekua kwa sababu ya mpaka. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapa, reli ya TAZARA iliyoanza kazi mwaka 1976 inapita hapa, na ng'ambo tu ya mpaka iko Nakonde, ambako mtu hufika kwa miguu. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2019 ili kupunguza muda wa kuvuka, lakini foleni ya malori haijawa hadithi ya zamani. Penye foleni pana biashara, na penye biashara watoto hawakosekani. Wapo wanaowauzia madereva mayai ya kuchemsha na maji ya chupa, wapo wanaosukuma mikokoteni, wapo wanaobeba mizigo ya watu wazima. Wengine wana wazazi nyumbani. Wengine baba alikuwa dereva aliyepita tu, na mama amefariki au amekwenda upande wa pili kutafuta maisha. Mtoto wa namna hiyo akiwa hai leo, akila, akilala chini ya bati, ni kwa sababu kuna mtu alimpokea kabla mgeni yeyote hajafika na mchele. Mara nyingi mtu huyo ni bibi, au mama lishe, au jirani ambaye mwenyewe ana watoto watano.

Biblia ina kisa kirefu cha mtoto kama huyo.

Yaya na mwenye nyumba

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka mitano habari ya kufa kwa Sauli na Yonathani ilipofika kutoka Yezreeli. Kwa siku moja alipoteza baba na babu, na nyumba yake ikageuka kuwa mahali pa hatari, kwa maana watoto wa mfalme aliyeanguka hawakuwa salama popote. Yaya wake alimchukua akakimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Habari yote ya yaya huyo iko katika mstari mmoja, 2 Samweli 4:4, na jina lake halimo.

Fikiria kwa makini alichofanya. Alimwokoa na pia alimwangusha, vyote viwili katika mbio zile zile. Huo ndio msaada wa maskini kwa maskini ulivyo. Bibi wa Tunduma anayemchukua mjukuu hana chumba cha ziada. Huenda mtoto atachelewa kuanza shule, atalala na watoto wakubwa wasiomfaa, atatumwa dukani usiku. Afisa ustawi wa jamii akija baadaye ataona makosa, na makosa yapo. Lakini kama si bibi huyo, afisa angekuwa hana mtoto wa kumwandikia taarifa. Wanaosaidia wakiwa wanakimbia ndio wanaolaumiwa zaidi na kushukuriwa kidogo.

Baada ya hapo mtoto anapotea katika habari. Anapoonekana tena katika sura ya tisa ni mtu mzima, ana mwana mdogo aitwaye Mika, na anaishi Lo-debari, ng'ambo ya Yordani, katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli. Biblia haisemi Makiri alimpokea lini wala kwa nini, ila inaonyesha alikuwa amemweka nyumbani mwake mtu asiye na faida kwake, asiyeweza kulima, tena wa ukoo ambao kuutunza kungeweza kuleta shida kwa mfalme mpya. Daudi anatuma watu, wanamtoa Mefiboshethi katika nyumba ya Makiri, wanampeleka Yerusalemu. Soma sura yote ya tisa utafute mahali ambapo mfalme anamshukuru Makiri. Hapapo.

Jambo hili lijadiliwe darasani kabla ya kuendelea, kwa sababu wasomaji wengi huipita aya hiyo wakikimbilia meza ya mfalme. Meza inavutia. Daudi ni picha nzuri ya neema, na mahubiri mengi yamejengwa hapo kwa haki. Lakini kati ya yaya na meza kuna miaka mingi ya uji, na miaka hiyo alikuwapo Makiri.

Kile ambacho Daudi alirudisha

Angalia swali la Daudi linavyoanza. Hakuuliza kama kuna kiwete mahali fulani anayehitaji huruma. Aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli ambaye angemtendea wema kwa ajili ya Yonathani. Deni lilikuwa lake yeye Daudi. Miaka mingi kabla, Yonathani alimwokoa kutoka mkono wa baba yake mwenyewe, na wawili hao waliapa mbele za Bwana kuhusu uzao wao (1 Samweli 20:14–17, 42). Kwa hiyo siku Mefiboshethi alipoanguka kifudifudi mbele ya kiti cha enzi na kujiita mbwa mfu, aliyekuwa akilipa shukrani katika chumba kile alikuwa mfalme. Mtoto wa Yonathani alikuwa akipokea malipo ya wema ambao hakuutenda yeye, na ambao huenda hakuwahi kusimuliwa.

Tena Daudi alimrudishia mashamba ya Sauli. Neno kurudisha lina maana yake. Mtu akirudishiwa shamba la babu yake hapewi sadaka. Anapewa kilicho chake kilichokuwa mikononi mwa wengine. Urejesho katika Maandiko uko hivyo mara nyingi, na hapa ndipo lugha ya ufadhili huwapotosha waumini wengi. Mtoto wa Tunduma anayepelekwa shule anapewa kilicho chake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua hivyo, na tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Kinachobaki ni sare, viatu, madaftari, michango ya hapa na pale na chakula cha jioni. Vitu vidogo kwa mwenye mshahara, mlima kwa bibi anayeuza mboga. Anayelipia vitu hivyo anaondoa jiwe lililoziba njia ya mtoto. Ni kazi njema sana. Lakini njia haikuwa yake.

Ukiliona jambo hivyo, picha ya mtoto mwenye kipaza sauti inabadilika. Kumbe anashukuru mbele ya watu mia mbili kwa kuruhusiwa kuwa mtoto.

Siba apeleka taarifa

Sehemu ya kisa hiki ambayo haihubiriwi sana ndiyo yenye fundisho kali zaidi. Absalomu anaasi, Daudi anakimbia Yerusalemu, na njiani anakutana na Siba, mtumishi aliyepewa kazi ya kulima mashamba ya Mefiboshethi. Siba ana punda waliotandikwa, mikate, zabibu na divai. Daudi anauliza bwana wake yuko wapi. Siba anajibu kwamba amebaki mjini, akitumaini kupata tena ufalme wa babu yake.

Daudi hakumwita mtu wa pili kuuliza. Alisikia neno moja tu, kutokushukuru, na hapo hapo akamnyang'anya Mefiboshethi mashamba yote akampa Siba. Mfalme huyu alikuwa mtu wa Mungu, na siku hiyo alikuwa ameumizwa na mwanawe mwenyewe. Si ajabu kwamba maumivu yalimfanya aone usaliti kila mahali. Bado ni kosa. Mlemavu aliyeachwa bila punda alihukumiwa kwa kutofika.

Wanaofanya kazi na watoto walio katika mazingira magumu wanaifahamu sura hii hata kama hawajaisoma. Kijana analipiwa mahitaji ya shule na mtu aliye mbali. Hajaandika barua, au ameandika fupi mno, au amefeli mtihani, au ameonekana stendi na vijana wasiofaa. Mtu mmoja anapeleka taarifa, mara nyingi mtu mwenye faida yake ndani ya taarifa hiyo. Mfadhili anasema: hana shukrani, tumpe mwingine. Muhula unaofuata kijana yuko kwenye foleni ya malori. Msaada uliosimama juu ya shukrani ya mtoto huanguka siku shukrani inapochelewa, na shukrani ya mtoto aliyeumizwa huchelewa sana. Mtoto aliyeachwa na watu wawili aliowaamini hatamkimbilia wa tatu kwa kumbatio. Atamjaribu kwanza, pengine kwa miaka.

Daudi aliporudi, Mefiboshethi alikuja kumlaki akiwa hajaosha miguu, hajatengeneza ndevu, hajafua nguo tangu siku mfalme aliyoondoka. Hiyo ilikuwa shukrani iliyokaa nyumbani bila mtu kuiona. Daudi, akiwa kama ameona aibu, alisema mashamba yagawanywe nusu kwa nusu. Mefiboshethi akajibu kwamba Siba na achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama.

Lakini kuna mstari mwingine baadaye, 2 Samweli 21:7, ambao darasa lisikose kuusoma. Wagibeoni wanapodai watu wa nyumba ya Sauli, Daudi anamwacha hai Mefiboshethi, na sababu inatajwa: ni kile kiapo cha Bwana kati yake na Yonathani. Tabia ya Mefiboshethi haitajwi, wala mwenendo wake wakati wa Absalomu. Pale ambapo Daudi alipima wema kwa shukrani aliyoisubiri, alimtendea isivyo haki. Pale aliposimama juu ya kiapo chake mwenyewe mbele za Mungu, maisha ya mtu yalihifadhiwa.

Kisa cha mtoto ni mali ya nani?

Hatari ya kumtumia mtoto kama ushuhuda si mpya katika nchi hii. Katika miaka ya 1860 binti mdogo wa Kiyao aitwaye Swema alifikishwa Zanzibar katika msafara wa watumwa. Mama yake alifia njiani. Mtoto mwenyewe alifika amechoka kiasi cha kudhaniwa amekufa, akafukiwa mchangani, hata kijana mmoja alipomsikia akamfukua na kumpeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki. Padri aliandika kisa chake, na mwaka 1870 kikachapishwa Ufaransa kuwa kitabu, ili wasomaji waguswe na kutoa kwa ajili ya watoto wengine. Kitabu kama hicho huleta msaada wa kweli. Na aliyemfukua, na waliomlisha, walimtendea kama Msamaria wa Luka 10. Lakini siku mbaya kuliko zote za maisha ya Swema ilisomwa katika vyumba vya watu ambao hatawajua, katika lugha isiyo yake, kwa maneno yaliyopangwa na mwingine. Leo kazi hiyo hufanywa na simu kwa dakika moja, na picha hairudi.

Watu wazima wanaweza kutoa hesabu bila kumtanguliza mtoto. George Müller alifungua nyumba yake ya kwanza ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na kufikia mwaka 1870 nyumba zake zilikuwa na nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Kila mtoaji alipata stakabadhi, na kila mwaka hesabu zilichapishwa, lakini majina ya watoaji hayakutangazwa. Mtoaji aliweza kuhakikisha kwamba shilingi yake imefika, bila mtoto kujua ni kwa shilingi ya nani alikula uji asubuhi. Utaratibu huo unakaa vizuri na Mathayo 6:1–4. Mhazini wa kanisa lolote mkoani Songwe anaweza kuufuata kwa kitabu cha stakabadhi na kalamu.

Wako wapi wale tisa?

Hapa mtu katika darasa atainua mkono, na ni vema. Je, Yesu mwenyewe hakuuliza wako wapi wale tisa? Na je, mtoto asiyefundishwa kushukuru si atakua na kuwa yule punda ambaye shukrani yake ni mateke?

Pingamizi hili ni la haki na lisijibiwe kwa haraka. Kutokushukuru ni dhambi. Paulo anaiweka katika orodha nzito (2 Timotheo 3:2). Mzazi anayemfundisha mwanawe kupokea kwa mikono miwili na kusema asante anafanya kazi ya Mungu, na bibi anayemlea yatima ana haki ya kufundisha vivyo hivyo, jikoni kwake, kwa kikombe cha chai. Lakini soma tena Luka 17. Wote kumi walitakaswa wakiwa njiani, kabla hata mmoja hajarudi. Biblia haisemi ukoma uliwarudia wale tisa. Na yule mmoja alirudi kwa kupenda kwake, alipojiona amepona. Yesu hakumtuma mwanafunzi kwenda kumleta ili makutano wamwone. Swali lake lilikuwa kuhusu kumpa Mungu utukufu, naye aliliuliza baada ya uponyaji kukamilika.

Shukrani inayotoka kwa aliyepona ni tamu, na inaweza kuchukua miaka ishirini. Shukrani inayodaiwa kwa mgonjwa akiwa bado kitandani ni ada.

Upande mwingine kuna kosa ambalo waumini hulifanya kwa nia njema. Mtoto amefaulu, amepona, amerudi shule, na kanisa linasema: Mungu ametenda. Ni kweli. Lakini wakati mwingine neno hilo hutumika kumpita bibi. Paulo, aliyejua kuliko wengi kwamba kila kitu kinatoka kwa Mungu, aliwaandikia Wafilipi na kuwatajia jambo lenyewe: kwamba walimpelekea mahitaji alipokuwa Thesalonike, mara ya kwanza na ya pili, na kwamba sasa amepokea vitu vyao kwa mkono wa Epafrodito. Hakuona kwamba kuwashukuru watu kunapunguza utukufu wa Mungu. Na Waebrania 6:10 inafundisha kwamba Mungu mwenyewe hasahau kazi ya waliowahudumia watu wake. Kanisa lisiwe na kumbukumbu fupi kuliko ya Bwana wake.

Basi deni la shukrani kwa Makiri wa Tunduma linaangukia watu wazima: mzee wa kanisa, Dorkas, mwalimu wa Shule ya Sabato, mfanyabiashara wa mjini. Huenda Makiri huyo si Mwadventista. Mkoani Songwe huenda ni mama wa Kimoraviani, au Mwislamu mwenye duka dogo karibu na stendi. Kumshukuru hakuhitaji jukwaa. Paa lake linavuja. Mahindi ya bei nafuu hupatikana Mbozi na Momba wakati wa mavuno, na gunia likinunuliwa wakati huo humfikisha mbali. Akiugua usiku anahitaji mtu mwenye pikipiki. Na anahitaji kusikia kutoka kwa mtu mzima mwenzake, akiwa ameketi kwake, kwamba kile alichokifanya kimeonekana.

Kuhusu Makiri wa Lo-debari, habari yake haikuishia sura ya tisa. Daudi alipofika Mahanaimu akiwa mkimbizi, watu watatu walimletea vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, shayiri, unga, kunde, dengu, asali, siagi na kondoo, kwa maana walisema watu wana njaa na uchovu na kiu nyikani. Mmoja wao alikuwa Makiri mwana wa Amieli. Safari hii aliyehitaji kupokelewa alikuwa mfalme.

Maswali ya kujadili darasani: Orodha ile ya 2 Samweli 17 inaanza na vitanda. Mtu aliyewahi kulea kiwete angejua nini kuhusu mahitaji ya waliochoka, ambacho mfalme hakukijua? Chukua pia kijana aliyelelewa na mama lishe wa mpakani, ambaye leo ni wakala wa forodha, ana gari, na hupita mbele ya kibanda cha yule mama bila kusimama. Kanisa limwambie nini, na nani aende kumwambia? Na wakati likisubiri jibu lake, kanisa limfanyie nini yule mama juma hili?